Hiace ya kulalia shamba Pemba: betri ya maji au lithiamu? Na kitanda kikae vipi?

Mkarafuu
Asalaam aleykum wanajamvi. Nina Hiace ya zamani, viti vya nyuma nishavitoa. Nataka kuigeuza gari ya kulala, maana msimu wa karafuu huo unakuja, shamba liko mbali na nyumba, na mikarafuu ikikosa mlinzi usiku asubuhi unakuta matawi yamevunjwa. Fundi kanipa bei mbili: betri ya maji ya Ah 100 (ampea-saa, ndiyo ujazo wake) na paneli yake ya jua, au lithiamu ya Ah 100 kwa bei inayozidi mara mbili. Kitanda nacho sijaamua, cha mbao cha kudumu au mabenchi ya kukunja. Pesa natoa Ijumaa inshaallah. Nishaurini.

FundiWaya
Waaleykum salaam. Yakhe, umekwenda kwa mshoni hukupimwa. Unalala na nani humo? Unawasha nini? Friji imo? Paneli ya wati ngapi? Gari ya paa fupi au refu?

Bint_Wete
Chukua lithiamu ulale. Betri ya maji ukiitumia kupita nusu kila siku haimalizi misimu miwili.

MzeeWaDago
Nyinyi vijana kila kitu betri. Sisi dago, kambini huko, tumekwenda miaka na taa ya karabai na chandarua. Weka kitanda cha kamba, upepo upite chini. Godoro la sponji ndani ya bati utaamka mgongo umerowa chapa.

Mkarafuu
Samahanini. Paa fupi. Nyuma ya kiti cha dereva urefu ni mita 3, upana mita 1.5. Tunalala mie, mama watoto na watoto wawili wadogo. Friji ndogo ya volti 12 naitaka, kwa samaki na maji. Feni mbili, taa, simu. Paneli fundi kasema wati 100 inatosha.

FundiWaya
Haitoshi. Twende kwa hesabu. Friji za aina hiyo zinakula kama wati 45 zikiwaka, na kwa joto letu itawaka nusu ya siku, yaani wati-saa 540. Feni mbili za wati 15 kwa saa nane, 240. Taa na simu weka 60. Jumla 840 kwa siku.

Betri ya maji ya Ah 100, volti 12, ina wati-saa 1200, lakini uchukue nusu tu, 600. Kabla ya alfajiri friji ishazima. Lithiamu ya Ah hizo hizo unaweza kushusha mpaka ibaki asilimia 20, kwa hiyo unapata 960. Paneli ya 100 jua likiwa zuri ikikupa 400 shukuru. Weka ya wati 300. La sivyo toa friji, chukua deli la barafu, na hapo betri ya maji itakutosha, pesa ibaki mfukoni.

Mpwani77
Kaka, kabla hujakubali betri ya maji nisikilize. Fundi mmoja alinifungia yangu chini ya kitanda, ndani ya kisanduku cha mbao kilichozibwa pande zote. Hakuna tundu la hewa. Tukaenda kulala ufukweni na familia. Kontrola, kile kidude kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ikaharibika bila sisi kujua, mchana kutwa inasukuma zaidi ya volti 15, betri inachemka. Usiku gari zima likanuka mayai viza, mtoto akaamka anakohoa, macho yanamtoka machozi. Tukatoka na chandarua tukalala nje kwenye mkeka. Asubuhi nanyanyua godoro: kitambaa cha chini nikikigusa kinachanika kwa vidole, sponji imekuwa njano, na kichwa cha betri kimeota unga mweupe. Nampigia fundi, ananambia "hiyo kawaida, betri mpya hiyo". Pesa sijarudishiwa mpaka leo.

MzeeWaDago
Hapo tatizo si betri, ni fundi.

FundiWaya
Tena si wote, mzee wangu. Lakini kweli, betri ya maji lazima ipumue nje ya gari, ile gesi inawaka moto. Na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, iwe ya maji au lithiamu. Mkarafuu, muulize fundi wako fyuzi anaiweka wapi. Akibabaika, ondoka.

Bint_Wete
Na lithiamu usiiunge moja kwa moja na altaneta, ile inayozalisha umeme kwenye injini. Inavuta umeme mwingi, altaneta ya Hiace kuukuu itaungua.

Mkarafuu
Haya. Na paneli nikiipigilia juu ya paa, gari nitaliegesha chini ya mwembe, pana kivuli.

Bint_Wete
Basi hujapata kitu. Kivuli cha tawi moja tu kinaangusha paneli nzima.

Mpwani77
Akiliegesha juani watoto waive?

FundiWaya
Paneli ya kubeba, waya mnene, unaiweka uwanjani pembeni ya majamvi ya kuanikia karafuu. Waya mwembamba na mrefu unakula volti.

Mpwani77
Paneli uwanjani shamba la karafuu? Wezi watakushukuru.

Bint_Wete
Kitanda mbona mmekiacha? Upana mita 1.5 mtu mzima halali kwa upana. Nyinyi wawili kwa urefu huku nyuma, watoto kwa upana nyuma ya viti vya mbele. Mbao ziachiane vidole viwili ili godoro lisiote ukungu.

FundiWaya
Mie nasema mabenchi. Mchana atabeba magunia ya karafuu, kitanda cha kudumu kitamzuia.

Bint_Wete
Magunia yanakaa chini ya kitanda.

FundiWaya
Na betri ikae wapi?

Mkarafuu
Fundi kanipigia sasa hivi, anasema bei ya lithiamu mwisho Jumatano.

Mpwani77
Na wangu alisema hivyo hivyo.

Bint_Wete
Mzee, soksi za karabai unazipata wapi siku hizi? Mama anazitafuta.

MzeeWaDago
Nilizonazo ni za akiba. Siuzi.