Msaada wa haraka: video hazichezi kwenye CD ya slaidi

Mfugaji_Mdogo: Wakuu, habari za jioni. Nimeandaa slaidi 34 za PowerPoint kuhusu kuku wa kienyeji, ndani kuna video 6. Kwenye laptopu yangu zinacheza bila shida. Nikichoma CD na kuifungua kompyuta nyingine, maandishi yapo, picha zipo, ila penye video ni mraba mweusi. Nifanyeje? Jumamosi nakabidhi.

Babu_Kideri: Kuku usicheze nao. Mwaka jana kideri kilinifagilia 80 ndani ya wiki. Chanja, kijana. Tone moja jichoni, kila miezi 3.

Mfugaji_Mdogo: Asante mzee, ndicho kinachoonyeshwa kwenye video ya 3. Ningependa nitakaowakabidhi CD nao waione.

Fundi_Uchochoroni: PowerPoint ya mwaka gani?

Mfugaji_Mdogo: 2007.

Fundi_Uchochoroni: Basi. Hiyo haimezi video, inaandika tu mahali ilipo. Video ulizitoa kwenye fleshi? Ichomoe, ufungue slaidi tena.

Mfugaji_Mdogo: Duh. Mraba mweusi mpaka kwangu. Kumbe fleshi ilikuwa imechomekwa siku zote.

Fundi_Uchochoroni: Tengeneza folda moja, tia humo video zote na faili la slaidi. Futa video kwenye slaidi, ziingize upya kutoka folda hiyo hiyo, kisha choma folda nzima. Majina yawe mafupi.

Mama_Zuu: Kwani umeshachoma ngapi? Mbona kama unahema?

Mfugaji_Mdogo: Chache tu.

Mama_Zuu: Chache ngapi, baba?

Mfugaji_Mdogo: 45. Na majalada yameshachapwa. Ni CD-R, hazifutiki. Nimefikiria nitie kikaratasi chenye namba yangu, asiyeona video nimtumie WhatsApp. Naona inatosha.

Mama_Zuu: Mwenye WhatsApp si ungemtumia tangu mwanzo? CD ya nini?

Mfugaji_Mdogo: Wengi hawana simu janja. Wataangalia nyumbani, kwa deki na TV.

Fundi_Uchochoroni: DEKI?

Kijiwe_Nongwa: Chai hii, tena haina hata sukari. Mwanzo kompyuta, sasa deki. Mtu achome diski 45 asijaribu hata moja? Mods fungeni uzi.

Babu_Kideri: Mimi deki ninayo, usidharau.

Mfugaji_Mdogo: Si chai. Jana nilijaribu kwa jirani. Diski ikazunguka, ikakwaruza kidogo, trei ikajitoa yenyewe. Mara tatu. Nikajua deki yake mbovu, nikamwambia akaisafishe lenzi.

Kijiwe_Nongwa: 😂😂 Jirani wa watu kasingiziwa deki. Hapo nimeamini.

Fundi_Uchochoroni: Sikiliza sasa. Deki haifungui PowerPoint, hata ungepanga folda vipi. Tafuta mwenye toleo la 2010 au la juu yake. Ingiza video upya, hilo linazimeza, kisha hifadhi slaidi zote kama video. Hiyo video uichome kwa programu ya kutengeneza DVD ya deki, usinakili faili tu. Nunua DVD tupu za GB 4.7, CD ya MB 700 itakubana. Na panga muda wa kila slaidi. Usipopanga, inapita kwa sekunde 5, mzee hajavaa hata miwani.

Mfugaji_Mdogo: Na majalada?

Fundi_Uchochoroni: Majalada yatumie, kwani yanacheza?

Babu_Kideri: Hizo 45 nipe mimi. Nitazitundika mpungani, zikimeta juani kweleakwelea hawatui.

Mfugaji_Mdogo: Zina picha yangu juu, mzee.

Mama_Zuu: Ndiyo hawatatua kabisa.