Walimu wa riadha wa zamani: mbio mlifundishaje Dar bila uwanja?

Ticha wa Temeke
Wakubwa shikamooni. Mkuu wa shule amenikabidhi riadha kwa sababu tu mimi ndiye kijana kuliko wote ofisini. Nina wanafunzi 14, kiwanja cha mpira cha vumbi, na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, iko mbele. Mliofundisha miaka mingi, mlianzia wapi?

Babu Filimbi
Marahaba mwanangu. Nimefundisha mbio miaka 27, shule moja tu, njia ya Pugu, nikastaafu 2016. Anza na futi ya kupimia na chokaa. Mizunguko minne ya kiwanja chetu tulikuwa tunaihesabu mita 1600. Siku nilipokipima, mzunguko ukatoka mita 310. Ndiyo maana vijana walikuwa moto nyumbani, wakifika Uwanja wa Uhuru wanaachwa.

Mazoezi saa 11 na nusu alfajiri. Joto la Dar lina unyevu, jasho halikauki mwilini. Jumamosi tulikuwa tunashuka Pugu Kajiungeni kukimbia vilimani; mbio za nyika zinajengwa huko.

Sasa hili lishike. Mwaka wangu wa tatu, binti wa kidato cha pili alianguka katikati ya kilima. Nikamkalisha chini ya mwembe, nikamuuliza amekula nini. Akatazama vidole vyake vya miguu. Tangu jana yake mchana hakuwa ametia kitu mdomoni, na mimi nilishamfokea "kaza!" mara mbili. Jumatatu yake mke wangu akaanza kupika uji wa dona, ndoo ya lita 10, naupeleka kwa baiskeli. Niliubeba miaka 24. Binti yule hakuwahi kushinda hata ngazi ya wilaya, lakini nikifungua madaftari niliyoandikia muda wa wakimbiaji, jina lake ndilo ninalolitafuta kwanza.

Mzaramo Asili
Babu, na wale wanaochomoka mbele tangu mwanzo kama mkimbiaji wetu Filbert Bayi?

Babu Filimbi
Bayi pale Christchurch 1974 aliongoza mwanzo mwisho, 3:32.2, rekodi ya dunia ya mita 1500. Yule alikuwa amejengeka. Mtoto mwenye mazoezi ya wiki sita ataishia mzunguko wa tatu. Mfundishe kumaliza. Mimi nilichora mstari wa pili mita tano baada ya ule wa mwisho, na saa naizima kwenye huo wa pili. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo 2025 kwa sehemu 3 za mia za sekunde, huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku imepita. Nilipiga kelele "mstari wa pili!" nyumba nzima ikaamka.

Ticha wa Temeke
Asante sana mwalimu. Kupimia, kamba ya nailoni inafaa?

Babu Filimbi
Hapana, inavutika. Azima futi ya mita 50 kwa mafundi ujenzi, mshike wawili. Na usipime juu ya chokaa yenyewe. Pima sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, hapo ndipo mguu unapopita.