Mkiandika "Sultan Khalifa" bila jina la baba, mnamwandika yupi? Nshachoka!

Wanajamvi, salaam. Mods nakuombeni uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, maana mie hapa nilipo sicheki.

Jana baada ya Magharibi binti yangu wa darasa la sita kanijia na daftari la historia, uso umemshuka. Suali lilikuwa hivi: "Sultan Khalifa alitawala Zanzibar miaka mingapi?" Mtoto kaandika mistari miwili. Wa kwanza, Khalifa bin Said, miaka 2, 1888 mpaka 1890. Wa pili, Khalifa bin Harub, miaka 49, 1911 mpaka 1960. Mwalimu kachukua kalamu nyekundu, kaufuta mstari wa kwanza mpaka karatasi imechanika kidogo, pembeni kaandika "Jibu moja tu!" kisha kampa nusu alama. Nusu! Mtoto kajua zaidi ya suali, kaadhibiwa.

Skuli siitaji, na mwalimu simtaji, msiniulize PM. Lakini yakhe, huyo Khalifa aliyefutwa ni mtu, si makosa ya kalamu. Ni mtoto wa Sultani Seyyid Said, ndugu yao masultani Majid na Barghash. Miaka yake ilikuwa miwili tu, ila Aprili 1888 ndipo alipowapa Wajerumani wa ile kampuni yao ya Afrika Mashariki mkataba wa kuiendesha Mrima, yaani pwani ya bara, na haikufika miezi mitano Pangani inawaka moto, Abushiri bin Salim kasimama na watu wake, na Disemba 1889 Wajerumani wakamnyonga. Yote hayo chini ya Khalifa wa kwanza. Ukimfuta, Abushiri kapigana wakati wa nani? Wakati wa Khalifa bin Harub, ambaye 1888 alikuwa mtoto mdogo?

Na huyo bin Harub ni kitukuu cha Seyyid Said: Harub bin Thuwaini bin Said. Kwa hiyo Khalifa wa kwanza ni ndugu wa babu yake Khalifa wa pili. Ndiye yule mzee wa ndevu nyeupe ambaye wazee wetu wanamkumbuka, kapita na vita vikuu vyote viwili. Kaja kufa Oktoba 1960, kamrithi mwanawe Abdullah bin Khalifa. Sasa ukimwambia mtoto kwamba Khalifa ni mmoja, akakuuliza Abdullah ni mtoto wa Khalifa gani, utamjibuje?

Mie kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa 14 huu. Kwa hiyo haya si ya daftari peke yake, nakutana nayo kila siku ya Mungu. Kuna kampuni moja ya safari inawagawia wageni karatasi ya rangi, nzuri hiyo, imepigwa chapa vizuri, na ndani yake imeandikwa: "Sultan Hamed bin Mohammed, mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa." Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kwenye baraza ya watu nikashika kichwa.

Hebu tuliangalie taratibu, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 1896 ndani ya mji huu huu mmoja walikuwepo watu watatu. Hamad bin Thuwaini, sultani, aliyekufa ghafla tarehe 25 Agosti. Hamoud bin Mohammed, aliyetawazwa na Waingereza tarehe 27, siku mbili baadaye. Na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Tippu Tip, nyumba yake ipo Shangani mpaka leo, kafa 1905. Sasa huyo Hamoud, sultani, ndiye aliyetia saini amri ya Aprili 1897 ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Na huyo Hamed ndiye aliyetajirika kwa pembe na watu huko Manyema, mashariki ya Kongo. Karatasi imewachukua wote wawili ikawapika chungu kimoja: aliyeufuta utumwa na aliyeufanyia biashara wamekuwa mtu mmoja, tena kavishwa kilemba cha kifalme! Mgeni wangu ananiambia mie ndiye niliyekosea, kwa sababu yangu ya mdomo na yao ina picha.

Barghash ndiyo usiseme. Kila wiki namsikia mtu kasimama mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu, akieleza kwamba "Sultan Barghash alipigwa mizinga na Waingereza kwa dakika 38." Barghash? Barghash kafa Machi 1888! Miaka minane yuko kaburini pale pale jirani na jumba la Beit al-Sahel, kapigwaje mizinga? Aliyepigwa ni mwanawe, Khalid bin Barghash, aliyejitia katika jumba la kifalme siku ile ile alipokufa Hamad bin Thuwaini. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza wakamshushia mizinga, meli ya kisultani iitwayo Glasgow ikazama hapo bandarini, na yeye akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, kisha Dar es Salaam, mwisho akaja kufa Mombasa 1927.

Kinachonifanya nisiwalaumu sana ni kuwa baba na mwana wanafanana kwa visa. Barghash naye ujanani, 1859, alitaka kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Tofauti yake ni kwamba baba alirudi, akakikalia kiti 1870 kwa salama, akajenga Beit al-Ajaib, akaleta maji ya bomba mjini. Mwana hakukikalia hata siku tatu. Hapo kachanganye uone ulivyomdhulumu baba na ulivyomkosesha mtoto kisa chake.

Halafu kuna ile ya "Said bin Sultan maana yake Said mtoto wa mfalme." Hapana! Sultan ni jina la mtu. Baba yake aliitwa Sultan bin Ahmad, kama wewe unavyoitwa Juma. Na "Seyyid" iliyo mbele ni cheo, "Said" inayofuata ndiyo jina. Maneno matatu tu, na watu wanayageuza kama chapati.

Msidhani ni ya masultani peke yao. Niliwahi kumsikia mtu akiwaeleza wageni kwamba uwanja wa ndege umepewa jina la rais aliyemaliza muda wake 2010. Ndugu yangu, uwanja ni wa Abeid Amani Karume, rais wa kwanza, aliyeuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Aliyemaliza 2010 ni Amani Abeid Karume, mwanawe. Jina limepinduliwa tu, kwa sababu mtoto kapewa jina la babu yake, kama tufanyavyo sote visiwani. Ndiyo maana majina yetu yanazunguka: babu, baba, mjukuu, na mjukuu akizaa anarudi kwa babu. Kosa si la majina. Wazee walishatupa dawa yake zamani, inaitwa "bin".

Mwezi uliopita nilikuwa hospitali, nesi kaita jina langu na la baba yangu, tukasimama watatu. Akaongeza la babu, akabaki mmoja, na hakuwa mie. Nilikaa tena saa nzima, lakini walau hawakunitia sindano ya mtu.

Najua atatokea mtu hapa aseme "si uangalie mtandaoni tu." Huko huko ndiko nilikoiona picha ya mzee Khalifa bin Harub, ndevu zake nyeupe tele, chini yake imeandikwa "Sultan Khalifa, 1888." Watu elfu kadhaa wamependa. Nikaandika maoni kuwarekebisha, mmoja akanijibu, "wewe ulikuwepo?"

Marehemu babu yangu kaacha kijikasha cha bati cha stempu, nyingi zina uso wa bin Harub. Usiku nimekifungua, nimechagua moja ya 1936, ile ya jubilei ya miaka 25 ya kutawala kwake, nimeibandika kwa karatasi kwenye ukurasa wa binti yangu, juu ya ule mstari uliochanika. Huyu wa miaka miwili hakuwahi kuifika jubilei yoyote. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa mwalimu mkuu na daftari mkononi, naidai ile nusu alama nyengine. Jibu nitakuleteeni hapa hapa.