Adapta za intaneti kupitia nyaya za umeme: kasi haivuki 90

Swali: Wakuu, adapta zangu mbili zimeandikwa 1200 Mbps (megabiti kwa sekunde), lakini kompyuta ya chumba cha mwisho inagota 90 hadi 94. Ya upande wa ruta nimeichomeka kwenye ekstensheni. Shida iko wapi?

Jibu 1: Mkuu, 1200 ni kasi ya kinadharia kwenye waya, hakuna anayeipata. Ila kugota pale pale kila ukipima si tatizo la umeme, ni kebo ya mtandao, au tundu inapochomekwa ni la 100 Mbps. Kebo ya gigabiti (1000 Mbps) inahitaji nyaya zote 8. Mmoja ukilegea kwenye kichwa, inaweza kushuka hadi 100. Badilisha kebo zote mbili, kisha soma maelezo ya tundu la adapta yenyewe. Zipo zilizoandikwa namba kubwa huku tundu ni la 100.

Jibu 2: Na ekstensheni iondoe, hasa yenye kinga ya umeme mkubwa. Vichujio vyake vinameza mawimbi ya adapta. Chomeka ukutani moja kwa moja. Chaja za simu nazo hupiga kelele kwenye waya: chomoa moja moja huku ukipima.

Jibu 3: Nyumba ikiwa na fezi tatu, soketi za fezi tofauti hudhoofisha mawimbi sana. Ukiongeza adapta ya tatu, usichanganye HomePlug na G.hn, yaani teknolojia mbili tofauti za adapta hizi, hazielewani kabisa.