Naomba ushauri: binti anataka kubuni bidhaa, achague njia gani Gredi 10?

Habari zenu wadau, naombeni mawazo. Binti yangu yuko Gredi 9 hapa Nairobi na anataka sana kusomea prodakti dizaini, yaani kubuni vitu tunavyotumia kila siku, viti, jiko, taa na kadhalika. Na si maneno matupu, juzi alichora jiko letu la makaa upya, akapima kiganja changu na rula ndio ajue mpini utoshe wapi bila kuchoma vidole, halafu tukapeleka ile karatasi kwa fundi wa chuma kule Kamukunji na fundi akaielewa bila kuuliza maswali mengi. Mimi nilifurahi jamani.

Sasa kwa CBC, huu mtaala wa Kenya, mtoto akiingia Gredi 10 anachagua moja kati ya njia tatu za masomo, na hakuna hata moja inaitwa hivyo. Masomo ya ufundi kama mbao na chuma yako STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), lakini kuchora na uchongaji viko upande wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na huyu mtoto anahitaji zote mbili kwa maoni yangu, mtu hawezi kubuni kiti kama hajui mbao inapasuka vipi. Baba yake anasema STEM tu basi, mimi naona mkono wake wa kuchora utalala.

Wenye watoto Gredi 10 ama mliosomea dizaini chuoni, mlichagua masomo gani matatu? Na shule ikisema ina ufundi, niulize nini kujua kama karakana yao inafanya kazi kweli? Fizikia ni lazima?