Naombeni dawa ya usingizi isiyo na madhara kwa mzee wa miaka 76

Mgosi: Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nina bi mkubwa wangu, miaka 76, nilimtoa Korogwe baada ya mzee kufariki, yupo nyumbani Tabata. Shida ni usiku. Ikifika saa saba anaamka, anafunga vitu vyake kwenye khanga: sufuria, mfuniko, kandambili mguu mmoja. Anasimama getini, anataka afunguliwe aende kwao, eti kumekucha. Ukimzuia analia kama umemdhulumu. Majirani wameanza maneno. Nitajieni dawa ya usingizi yenye nguvu kidogo lakini salama kwa mzee. Msinitukane, nimechoka.

Chachandu: Oa mkuu. Mke ataamka na mama, wewe utalala.

Mama Wawili: Chachandu, mke si mlinzi wa geti. Mleta mada, huyo mama alikubeba miezi tisa, ukamnyima usingizi miaka miwili mizima. Leo zamu yako imefika unamtafutia dawa ya kumzima?

Mzee wa Kigoda: Huyo anaitwa na kwao. Marehemu bibi yangu Songea alikuwa hivyohivyo. Alfajiri moja tulimkuta kwenye mahindi ya jirani amekaa chini anachambua maharage, na maharage yenyewe hayapo. Ukoo ukakaa, mambo yakawekwa sawa, akatulia.

Chachandu: Alitulia au alifariki?

Mzee wa Kigoda: Vyote.

Nesi wa Zamu: Mgosi, hali hii imeanza ghafla au taratibu? Anatumia dawa gani, pamoja na za dukani? Mkojo unatoka vizuri? Ugonjwa wa kusahau huenda polepole, kwa miaka. Mzee akivurugika ndani ya siku au wiki chache, mara nyingi kuna kitu mwilini: maambukizi ya njia ya mkojo (kwa wazee yanaweza kuja bila homa), nimonia, sukari, upungufu wa maji, au dawa yenyewe.

Mgosi: Kusahau kulianza kitambo, alikuwa anachanganya majina ya wajukuu. Hili la getini ni la juzijuzi. Dawa ni za presha na sukari tu, za hospitali.

Nesi wa Zamu: Nyumba hailali, na hamjawahi kumpa kitu chochote cha usiku?

Mgosi: Ni Piriton tu, kidogo. Ile ya mafua, hata watoto wanapewa. Muuza duka la dawa ndiye aliyeshauri. Sasa ameniwekea diazepamu, nimeshamlipa, ndiyo maana nauliza. Sioni ubaya mzee akipumzika.

Nesi wa Zamu: Ungeanza na hilo. Piriton kwa mzee inakausha mdomo, inafunga choo, inaweza kuzuia mkojo, na kichwa kinachoyumba inakiyumbisha zaidi. Mwili wa mzee hauiondoi upesi, kwa hiyo ya jana inaikuta ya leo. Diazepamu ndiyo balaa, inakaa mwilini siku kadhaa. Anaamka kwenda chooni analewalewa, anaanguka, nyonga inavunjika.

Mgosi: Ni rahisi kusema. Nyie hamuishi naye.

Jicho Kali: Hata wewe huishi naye. Wakuu, hii ni chai. Wiki iliyopita kwenye uzi wa mashine za kusaga uliandika upo Geita tangu mwaka jana. Leo upo Tabata unagombania geti saa saba usiku? Unapaa?

Chachandu: Chai yenyewe isiwe na sukari, bi mkubwa anaumwa.

Mgosi: Nipo Geita kikazi, Tabata narudi mwisho wa mwezi. Bi mkubwa yupo na dada wa kazi. Usiku dada ananipigia, nasikia geti linavyogongwa. Kama ni kutunga ningetunga cha maana, sio mfuniko wa sufuria.

Jicho Kali: Kwa hiyo hiyo "kidogo" hujawahi kuiona kwa macho.

Nesi wa Zamu: Mpigie dada sasa hivi. Akusomee kila pakiti na aseme anatoa vidonge vingapi. Usimfokee, asije akakuficha.

Mgosi: Nimempigia. Piriton anampa viwili saa mbili usiku, akiamka anamwongezea kimoja, na kingine, mpaka alale. Ya sukari ni glibenklamaidi, asubuhi na jioni. Anasema jioni bi mkubwa hali kitu, ni uji vijiko vichache anasukuma bakuli. Lakini kidonge hakosi.

Nesi wa Zamu: Glibenklamaidi bila chakula inaendelea kushusha sukari usiku kucha. Ikishuka sana mzee anatoka jasho, anatetemeka, haelewi alipo, na anaweza kuwa mkali. Akiamka tena apimwe sukari kwanza, kabla ya kubishana naye. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) apewe maji ya sukari, kisha ale. Kama hakuna mashine apewe tu, ilimradi anameza vizuri. Akishindwa kumeza au asipoamka sawasawa, hospitali usiku huohuo. Asipokula jioni, kidonge cha sukari cha jioni asipewe mpaka daktari aseme. Piriton mwisho leo. Kesho asubuhi apelekwe na dawa zote kwenye mfuko mmoja, apimwe sukari, mkojo na presha.

Mama Wawili: Beba kitambulisho chake, ulizia dirisha la wazee. Wazee wa 60 na kuendelea wasiojiweza wanatibiwa bure, barua anzia serikali ya mtaa. Na dada aache kumwambia "hapa ndiyo kwenu". Amwambie gari la Korogwe linaondoka asubuhi, alale kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa anafungua furushi mwenyewe. Taa ya korido iwake usiku, mchana asilale sana. Na huyo dada naye analala saa ngapi?

Mgosi: Sawa, kesho watakwenda. Diazepamu naichukua naitunza tu, ikishindikana...

Nesi wa Zamu: Unamtunzia nani?

Mzee wa Kigoda: Mimi bado nasema anaitwa na kwao. Nesi, samahani kwa kuvamia uzi, hiyo glibenklamaidi ndiyo vile vidonge vidogo vyeupe? Maana na mimi natumia, na jioni huwa sili.