9 rota: Mmeua kombania nzima ili tulie?

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Zikitajwa filamu za vita tu, lazima atokee mtu aimwagie sifa 9 rota (yaani "kombania ya 9"), ile ya Kirusi ya mwaka 2005 ya Fyodor Bondarchuk, halafu amalizie na "stori ya kweli hiyo". Ya kweli wapi?

Kwenye filamu, kombania ya 9 inalinda kilima huko Afghanistan, redio inaharibika, jeshi la Kisovieti linafungasha virago na kuwasahau. Wanafyekwa, anabaki askari mmoja. Helikopta inakuja mambo yameshaisha. Na sisi machozi yanatutoka.

Kilima chenyewe cha kweli ni 3234, hizo ni mita za kimo chake. Kiligombewa kwa sababu aliye juu anaiona barabara ya Gardez kwenda Khost, mji uliokuwa umezingirwa. Ilikuwa Januari 7, 1988, wakati Warusi walimaliza kuondoka Februari 1989! Juu walikuwepo askari 39. Mujahidina, wapiganaji wa Kiafghani waliokuwa wakipigana na Wasovieti, waliwapandia mara 12, tangu alasiri mpaka alfajiri ya pili yake. Waliokufa ni 6. Majeruhi wengi, ndiyo, lakini waliokufa ni 6.

Na hakuna aliyewasahau. Redio ilikuwa nzima, walikuwa na ofisa wa kuelekeza mizinga, makombora yakawa yanatua karibu kabisa na walipojichimbia. Risasi zilipobaki za kuhesabu, platuni ya upelelezi ikawapandia usiku na shehena nyingine. Jamani, hapo si ndipo penye filamu? Watu wanakwea mlima gizani, Januari, na risasi mgongoni, wenzao juu wanahesabu zilizobaki. Wamekata yote hayo, wakatuwekea redio mbovu.

Kinachoniuma zaidi ni Vyacheslav Aleksandrov. Kijana wa miaka 20, aliwaambia wenzake wawili warudi nyuma, akabaki peke yake na rashasha akifyatua mpaka akauawa. Alitunukiwa Shujaa wa Umoja wa Kisovieti akiwa kaburini. Wenzake aliowakinga walipona na kilima hakikutekwa. Sasa ukiwaua wote, yeye alimkinga nani?

Msiniletee habari za "ni filamu tu". Ingekuwa filamu tu wasingebandika namba ya kombania halisi kwenye jina. Picha kali, milipuko safi, hapo sibishi. Ila atakayeandika tena "stori ya kweli" aje na majina ya hao wengine waliokufa.